Theodor Bilharz: mganga aliyekuta minyoo ndani ya mshipa wa damu

Mtu aliyelima shamba lake jana bila shida anaamka usiku na kutapika damu nyingi. Majirani hawachelewi kutoa hukumu. Bukavu na kandokando yake watasema amelishwa karuho. Kwingine watasema ni pombe kali, au ni vidonda vya tumbo alivyovificha. Wachache watauliza kama mtu huyo alikulia kando ya ziwa, kama anavua samaki, au kama anavuka mto kwa miguu kila siku akienda shambani. Lakini mara nyingine jibu liko huko huko majini, kwa mnyoo mdogo wa sentimita moja hivi, ambao haukai ndani ya matumbo kama minyoo mingine. Unakaa ndani ya damu.

Mtu wa kwanza kuuona mnyoo wa namna hiyo katika mwili wa binadamu ni mganga Mjerumani Theodor Bilharz. Ilikuwa mwaka 1851, mjini Cairo nchini Misri, na yeye alikuwa na miaka 26 tu. Jina lake ndilo lililozaa neno bilharzia, ugonjwa ambao kwa Kiswahili unaitwa kichocho. Neno hilo linatamkwa katika vituo vya afya kandokando ya maziwa yetu, lakini maisha ya mwenye jina hayasimuliwi sana. Alikufa kijana, miaka kumi na moja tu baada ya kuona kile alichokiona, na sehemu kubwa ya maana ya ugunduzi wake ilikuja kueleweka akiwa tayari kaburini.

Kijana aliyependa wadudu

Theodor Bilharz alizaliwa tarehe 23 mwezi wa tatu mwaka 1825 katika muji mdogo wa Sigmaringen, kusini mwa Ujerumani. Wakati huo Ujerumani haikuwa bado nchi moja. Ilikuwa mkusanyiko wa falme na tawala ndogo ndogo, na Sigmaringen ilikuwa makao ya moja kati ya hizo. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya mtawala huyo. Mama yake alitoka Uswisi, upande wa pili wa ziwa Constance.

Tangu utoto alipenda wadudu na viumbe vidogo. Alipomaliza shule, alienda kwanza katika chuo kikuu cha Freiburg, kisha akahamia Tübingen kusomea uganga. Hapo hakuridhika na kujua tu namna ya kutibu wagonjwa. Mwaka 1847 alishinda zawadi ya chuo kwa kazi aliyoandika juu ya damu ya wanyama wasio na uti wa mgongo. Tukiangalia nyuma leo, ni kama alikuwa tayari amechagua njia yake: damu kwa upande mmoja, wadudu na minyoo kwa upande mwingine.

Walimu wawili waliongoza maisha yake. Wa kwanza ni Carl Theodor von Siebold, bingwa wa elimu ya wanyama, ambaye alijulikana Ulaya nzima kwa masomo yake juu ya minyoo. Bilharz alifanya kazi karibu naye mjini Freiburg baada ya kushinda mtihani wake wa uganga. Wa pili ni Wilhelm Griesinger, mganga aliyemfundisha Tübingen. Siebold alimpa macho ya kutazama minyoo. Griesinger ndiye aliyemfungulia mlango wa Afrika.

Safari ya Misri

Mwaka 1850 mtawala wa Misri, Abbas, alimwita Griesinger kuwa mganga wake mwenyewe na kusimamia mambo ya afya na shule ya uganga ya Cairo. Griesinger alihitaji msaidizi, akamchagua Bilharz. Wakasafiri pamoja mwaka huo huo.

Shule hiyo na hospitali yake ya Qasr el-Aini haikuwa mahali padogo. Ilianzishwa mwaka 1827 na mganga Mfaransa, Antoine Clot, kwa amri ya Muhammad Ali, babu yake Abbas. Hapo ndipo Wamisri walifundishwa uganga wa kisasa. Na kwa kuwa wagonjwa walikuwa wengi, waliokufa hospitalini pia walikuwa wengi. Kazi moja ya Bilharz ilikuwa kupasua maiti ili kujua ni nini kiliwaua watu hao.

Tujue pia Misri ya wakati ule ilikuwa inabadilika. Kwa maelfu ya miaka wakulima walingoja mto Nile ufurike mara moja kwa mwaka, kisha maji yarudi na wao wapande. Utawala wa Muhammad Ali ulitaka pamba nyingi ya kuuza Ulaya. Mifereji ikachimbwa na kuta za kuzuia maji zikaanza kujengwa ili mashamba yapate maji mwaka muzima. Wakulima wakawa wanasimama ndani ya maji kila siku. Maji yasiyokauka ni makao mazuri ya konokono, na konokono, kama itakavyojulikana baadaye, ndiye mwenyeji wa mnyoo huu.

Kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida katika vijiji vya Nile. Askari wa Napoleon walioingia Misri mwaka 1798 walipata shida hiyo hiyo, na waganga wao walidhani inatokana na joto kali. Hakuna aliyejua sababu yake.

Mshipa ambao hakuna aliyeufungua vizuri

Bilharz alikuwa amefundishwa na Siebold kutafuta minyoo kila mahali, wala si katika matumbo tu. Katika miezi yake ya kwanza Cairo alikuta mingi. Alikuta tegu mdogo sana, ambaye leo anajulikana kuwa ndiye tegu anayeshika watu wengi kuliko wote duniani. Alikuta pia mnyoo mwingine mdogo wa matumbo, ambao watu wanaupata kwa kula samaki ambaye hakuiva. Ugunduzi huo peke yake ungetosha kwa mganga kijana.

Lakini alipofika kwenye ini na mishipa yake, alikuta jambo la kushangaza. Kuna mshipa mkubwa unaokusanya damu yote inayotoka matumboni, damu iliyobeba chakula, na kuipeleka kwenye ini. Tunaweza kuuita mshipa wa ini. Bilharz aliutazama kwa uangalifu. Ndani ya damu yake aliona nyuzi nyeupe, nyembamba na ndefu kidogo. Kwa macho tu alidhani ni minyoo ya kawaida ya mviringo. Alipoiweka chini ya mikroskopu akaona kitu kingine kabisa.

Mwili wa mnyoo ulikuwa bapa, na kingo zake zilikunjwa kuelekea upande wa tumbo hadi zikafanya kama mfereji. Na ndani ya mfereji huo, katika baadhi ya minyoo, alikuwemo mnyoo mwingine, mwembamba zaidi, rangi yake ya giza kidogo. Bilharz alielewa kwamba ni dume na jike: dume amembeba jike wake na wanaishi hivyo ndani ya damu ya mtu. Alimwandikia Siebold barua kumweleza hayo, tarehe 1 mwezi wa tano mwaka 1851. Barua nyingine zikafuata, na Siebold akazichapisha katika jarida lake la zoolojia.

Mwaka uliofuata Bilharz alipata sehemu iliyobaki. Katika ukuta wa kibofu cha mkojo cha watu waliokuwa wakikojoa damu, alikuta mayai ya mnyoo huo. Kwa hiyo damu ile haikutokana na joto la Misri. Ilitokana na mayai yanayopasua nyama ya kibofu ili kupata njia ya kutoka. Griesinger naye alihesabu: kati ya maiti 363 alizochunguza, 117 zilikuwa na alama za ugonjwa huo. Karibu mtu mmoja kwa watatu.

Miiba miwili, swali moja

Bilharz hakuishia kwenye kibofu. Aliona pia mayai katika ukuta wa matumbo na katika ini. Na aliona kwamba mayai hayafanani yote. Mengine yalikuwa na mwiba mdogo kwenye ncha, mengine yalikuwa na mwiba ubavuni. Aliichora miiba hiyo, lakini hakufikia kusema kwamba ni minyoo ya aina mbili tofauti.

Leo tunajua. Yai lenye mwiba kwenye ncha ni la mnyoo unaopenda mishipa ya kibofu, na ndio unaoleta mkojo wa damu. Yai lenye mwiba ubavuni ni la mnyoo unaopenda mishipa ya matumbo. Huu wa pili ndio wa kutisha zaidi kwa watu wa mashariki mwa Congo, kwa sababu ndio unaotawala kwenye maziwa yetu mengi, na kwa sababu unafanya kazi yake kimya kimya. Mkojo wa damu unaonekana hata kwa mtoto. Lakini ini linalojaa makovu halimwambii mtu kitu.

Namna inavyokuwa ni hii. Minyoo miwili, dume na jike, inasafiri ndani ya mishipa hadi karibu na ukuta wa matumbo. Jike anataga mayai, yanaweza kufika 300 kwa siku. Mayai mengine yanapenya ukuta wa matumbo na kutoka na choo kikubwa. Lakini karibu nusu hayatoki. Yanabaki yamenasa kwenye nyama ya matumbo, au yanachukuliwa na damu hadi kwenye ini na kukwama huko. Mnyoo wenyewe haufanyi madhara makubwa sana. Yai lililonasa ndilo linaloleta vita. Mwili unalizunguka na chembe za kinga, kisha unaacha kovu. Yai moja, kovu dogo. Mayai maelfu kwa miaka mingi, makovu yasiyohesabika, kwa kuwa minyoo hii inaweza kuishi miaka mitano, kumi, na mara nyingine zaidi ya thelathini.

Mwaka 1904 profesa mmoja wa Cairo, Symmers, alieleza ini la wagonjwa wa namna hiyo: makovu meupe yamezunguka mishipa, na ukilikata ini, inaonekana kama mtu amechomeka ndani yake mirija ya kiko cha udongo.

Kutoka ini hadi damu mdomoni

Hapo ndipo tunarudi kwa mtu wetu anayetapika damu usiku. Makovu yakibana mishipa ndani ya ini, damu inayotoka matumboni inakosa njia. Ni kama mto uliozibwa: maji yanarudi nyuma na kutafuta vijito vingine. Bandama, au wengu, inavimba, hata mara nyingine inafika karibu na kitovu. Maji yanaweza kujaa tumboni. Na damu inajisukuma kwenye mishipa midogo iliyo chini ya mfereji wa chakula, pale unapoingia kwenye mfuko wa tumbo. Mishipa hiyo haikuumbwa kubeba damu nyingi hivyo. Inavimba na kujikunja, kuta zake zinakuwa nyembamba, hadi siku moja mmoja unapasuka.

Kinachowapoteza watu ni kwamba siku ile kabla ya mshipa kupasuka, mgonjwa anaweza kuonekana mzima. Tofauti na mtu aliyeharibiwa ini na pombe, nyama ya ini lake mara nyingi inaendelea kufanya kazi. Macho hayawi manjano. Anakula, anafanya kazi. Ndiyo maana damu inapotoka ghafla, watu wanatafuta adui wa kumtupia lawama.

Si hilo tu. Waganga wamekutana na mambo mengine ya tumbo yasiyo ya kawaida yanayoletwa na mnyoo huu. Mayai yakijaa katika utumbo mpana, yanaweza kuotesha vinyama vidogo vinavyotoa damu na kumfanya mtu aharishe kwa miezi mingi hadi akonde na kuvimba miguu. Waganga wa Misri waliandika sana juu ya jambo hilo. Mara nyingine mayai yanakusanyika mahali pamoja na kufanya uvimbe, ambao mpasuaji anaweza kudhani ni kansa. Mayai yamekutwa hata ndani ya kidole tumbo kilichokatwa kwa sababu ya maumivu ya ghafla.

La kushangaza zaidi ni urafiki kati ya mnyoo huu na vijidudu vya jamii ya tifoidi. Vijidudu hivyo vinaweza kujishika kwenye ngozi ya mnyoo, na hata kuingia ndani yake. Mgonjwa anapewa dawa ya tifoidi, homa inashuka, kisha inarudi. Anapewa tena, inarudi tena. Homa inaweza kwenda hivyo kwa miezi. Mpaka mnyoo uuawe, vijidudu vinabaki na nyumba ya kujifichia. Kwetu, ambako watu wengi wanatibiwa tifoidi mara nyingi kwa mwaka, ni jambo la kuuliza.

Samaki wa umeme na kifo cha mapema

Griesinger alirudi Ulaya mwaka 1852. Bilharz alibaki. Alijifunza Kiarabu, akapanda vyeo katika hospitali na shule, na mwaka 1856 alikuwa profesa wa elimu ya viungo vya mwili. Kazi ya kufundisha ilimchukua muda, lakini hakuacha kuchunguza. Mwaka 1857 alichapisha kitabu kizima juu ya samaki wa umeme wa mto Nile, yule anayempiga mvuvi kwa umeme akimshika kwa mkono. Wavuvi wa mto Congo wanamjua vizuri, maana yumo katika maji yetu pia. Bilharz alieleza kiungo kinachozalisha umeme huo na mishipa ya fahamu inayokiongoza.

Mwaka 1856 Mjerumani mwingine, Meckel von Hemsbach, alipendekeza mnyoo wa Cairo upewe jina la Bilharz. Baadaye wataalamu wa zoolojia walichagua jina lingine, Schistosoma, ambalo ndilo linalotumika katika maabara. Lakini waganga, wauguzi na watu wa kawaida walikuwa tayari wamezoea bilharzia, na neno hilo halikufutika.

Mwanzoni mwa mwaka 1862 mtawala mmoja wa Ujerumani, Ernst wa Saxe-Coburg na Gotha, alifika Misri pamoja na mke wake na wataalamu kadhaa. Walikuwa wanaenda Massawa, kwenye bahari ya Shamu, kuona nchi na kuwinda. Bilharz aliombwa awe mganga wa msafara. Huko njiani homa kali ya kuambukiza iliingia katika msafara, na yeye akawahudumia wagonjwa. Homa hiyo ikamshika mwenyewe. Alirudishwa Cairo, akafa tarehe 9 mwezi wa tano mwaka 1862. Alikuwa na miaka 37. Alizikwa huko huko Cairo.

Hakupata kujua mambo mengi kuhusu mnyoo wake. Hakujua unaingiaje mwilini. Hakujua kuna konokono katikati. Hakujua hata kwamba sehemu ya maji ya Nile aliyoishi kando yake yanatoka kwetu: ziwa Edward linamwaga mto Semliki, Semliki unaingia ziwa Albert, na ziwa Albert linapeleka maji yake Nile. Mzungu wa kwanza kuandika juu ya ziwa Albert, Samuel Baker, alilifikia mwaka 1864, miaka miwili baada ya Bilharz kufa.

Waliomaliza kazi

Swali la miiba miwili lilisumbua waganga kwa zaidi ya miaka hamsini. Mwaka 1902 Mwingereza Patrick Manson alimpima mtu aliyetoka visiwa vya Karibi: kwenye choo chake mayai yenye mwiba ubavuni yalikuwa mengi, lakini katika mkojo hakuna hata moja. Manson akaanza kushuku kwamba kuna minyoo miwili. Mwaka 1907 mnyoo wa matumbo ukapewa jina lake mwenyewe, na jina hilo likamkumbuka Manson. Mjerumani Arthur Looss, profesa huko huko Cairo na mtu aliyeheshimiwa sana, alikataa. Kwake mnyoo ulikuwa mmoja tu, na alisema unaenda moja kwa moja kutoka mtu hadi mtu kupitia maji, bila mnyama mwingine katikati.

Alikuwa amekosea yote mawili. Mwaka 1913 Wajapani Miyairi na Suzuki walionyesha kwamba ndugu wa mnyoo huo huko Asia anakulia ndani ya konokono. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Leiper alienda Misri na kuonyesha kwamba kila aina ya mnyoo ina konokono wake. Yai likifika majini linapasuka, mtoto wa mnyoo anaingia ndani ya konokono, anaongezeka kwa maelfu, kisha anatoka na kutafuta ngozi ya mtu. Dakika chache majini zinatosha aingie. Hakuna kidonda kinachohitajika, wala kunywa maji hayo.

Congo nayo iliingia katika hadithi hiyo. Mwaka 1934 mganga Fisher, aliyefanya kazi Yakusu karibu na Kisangani, wakati ule Stanleyville, alieleza mnyoo wa aina nyingine tena. Mayai yake yana mwiba kwenye ncha kama yale ya kibofu, lakini yanatoka na choo kikubwa. Kwa hiyo mtu aliyeingia katika mto wa eneo hilo alikuwa na sababu ya kupimwa, hata kama mkojo wake ulikuwa safi.

Dawa zilichukua muda mrefu zaidi. Mwaka 1918 Christopherson, mganga wa Khartoum, alitangaza sindano za madini ya antimoni zilizoingizwa kwenye mshipa. Ziliua minyoo, lakini zilikuwa kali, na zilihitaji sindano nyingi. Misri ilizitumia kwa miaka mingi kwa watu wengi, na sindano moja ilipita kwa wagonjwa wengi bila kusafishwa vizuri. Hivyo ndivyo virusi vya homa ya ini aina ya C vilivyosambaa, na Misri ikawa kati ya nchi zilizoumizwa zaidi duniani na virusi hivyo. Watu walitibiwa mnyoo unaoharibu ini, wakapata virusi vinavyoharibu ini hilo hilo.

Katika miaka ya 1970 ikapatikana praziquantel, vidonge vya kumeza, mara nyingi kwa siku moja tu, kwa kufuata uzito wa mgonjwa. Ndiyo dawa inayotumika hadi leo. Inaua minyoo mikubwa, lakini haigusi sana ile michanga, na haimkingi mtu akirudi majini. Ndiyo maana inabidi kurudiwa. Ikitolewa mapema, makovu ya ini yanaweza hata kupungua. Ikichelewa, minyoo inakufa lakini mishipa iliyovimba inabaki.

Kinachobaki mikononi mwetu

Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 250 wanaohitaji dawa ya kinga dhidi ya bilharzia, na tisa kwa kumi kati yao wanaishi Afrika. Kwetu ugonjwa huu uko Ituri, uko Maniema, uko kandokando ya ziwa Tanganyika. Anayeingia majini kwa kuvua, kufua, kuoga, kupanda mpunga au kucheza, anaweza kuwa nao.

Kwa hiyo mtu wa sehemu hizo akiwa na choo chenye damu, tumbo linalouma miezi na miezi, uvimbe chini ya mbavu za kushoto, au homa ya tifoidi isiyoisha, aombe kupimwa choo, na kipimwe zaidi ya mara moja, sababu mayai yanaweza kukosekana katika kipimo kimoja. Mwenye ugonjwa wa zamani anaweza kuwa na mayai machache sana. Hapo ekografi ya ini na bandama inasaidia. Na amweleze mganga maji anayoingia, hata kama hajaulizwa.

Anayetapika damu apelekwe hospitali kuu mara moja, mahali wanapoweza kumwongeza damu. Kumpa dawa ya kumtapisha ili atoe karuho ni kumwongezea hatari, maana mshipa uliopasuka utazidi kufunguka. Saa zinazopotea kwa mfumu kutafuta aliyemroga ndizo saa ambazo mgonjwa anazihitaji.

Nchini Misri kuna taasisi ya utafiti, huko Giza, yenye jina la Theodor Bilharz. Shimo moja juu ya mwezi nalo lina jina lake. Lakini kazi aliyoianza katika chumba cha maiti cha Qasr el-Aini inaendelea kila mara mtu wa maabara anapochukua choo cha mvuvi, akakiweka chini ya mikroskopu, na kutafuta yai lenye mwiba ubavuni.